Kuitia Trakta ya Zamani Usukani wa Mafuta

Ninyi wakulima wa Kolwezi na wa Lualaba yote, mwajua kwamba mashamba yetu yana vichuguu vikubwa, na dereva wa trakta huvizunguka mchana kutwa. Kama trakta ni ya zamani, jioni mabega yamuuma. Basi watu huniuliza: Je, twaweza kuitia usukani unaosaidiwa na mafuta, kama wa malori ya mgodi? Ndiyo, yawezekana. Lakini ngojeni kwanza.

Inueni magurudumu ya mbele kwa jeki, wekeni magogo imara chini ya mhimili, kisha zungusheni volani kwa vidole viwili. Ikizunguka bila taabu, vyuma ni vizima. Uzito watoka katika mzigo na udongo, au pengine mipira imepungua upepo tu. Ikiwa nzito hata hapo, vyuma vimekauka. Tieni girisi. Volani ikicheza sana kabla magurudumu hayajageuka, vyuma vimelika, vibadilisheni. Mafuta hayaponyi chuma kilicholika. Yatakisukuma kwa nguvu hata kikatike.

Sasa kazi yenyewe. Moteri huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu huvuta mafuta katika tangi dogo na kuyasukuma mpaka kwenye valvu. Dereva akigeuza volani, valvu hufungua njia, mafuta huingia katika silinda, na fimbo ya silinda husukuma mkono wa magurudumu. Kisha mafuta hurudi tangini.

Katika namna moja vyuma vya zamani hubaki, na silinda huvisaidia tu. Katika namna ya pili vyuma huondolewa, mafuta peke yake hubeba kazi yote. Kwa fundi wa kijiji nasifu ile ya kwanza, kwa sababu moteri ikizimika mteremkoni, chuma bado kimeshika chuma.

Wenye Ferguson na Massey Ferguson 35, angalieni! Pampu inayoinua jembe imo nyuma, na hupata nguvu kwa njia ya klachi. Mkichukua mafuta yake kwa usukani, dereva akikanyaga klachi mpaka chini pampu yasimama, na volani yawa nzito papo hapo katikati ya kukata kona. Tieni pampu nyingine mbele ya moteri.

Silinda ishikwe na chuma kinene kwenye mhimili. Magurudumu yafike mwisho wa kugeuka kabla fimbo haijafika mwisho wake, ama sivyo itapinda.

Mpira ukivuja, msiutafute kwa mkono. Mafuta yenye nguvu hutoboa ngozi kama sindano. Tundu ni dogo, halitoki damu, na mtu hucheka. Lakini mkono waweza kuoza. Pitisheni kipande cha katoni, na aliyetobolewa apelekwe hospitali siku ile ile.

Mwisho toeni hewa. Magurudumu yakiwa bado juu, moteri ikienda polepole, geuzeni volani kushoto na kuume mara nyingi, mkiongeza mafuta tangini mpaka povu liishe. Msiikazie volani pembeni, mafuta yatachemka. Kisha shusheni trakta, zimeni moteri mahali tambarare, na mgeuze tena. Uzito mtakaousikia hapo ndio utakaompata dereva moteri ikizimika njiani. Kama hawezi kuushinda, asiteremke kilima na trakta hiyo.