Kiongozi Asiyeutaka Uongozi: Uhakiki wa Mhusika Jake katika Mfululizo wa Animorphs

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, utaweza:
(a) kueleza jinsi mwandishi anavyomjenga mhusika mkuu wa bunilizi ya kisayansi;
(b) kufuatilia mabadiliko ya mhusika duara kutoka mwanzo hadi mwisho wa kazi;
(c) kujibu swali la insha linalokutaka utoe msimamo kuhusu mhusika, badala ya kusimulia hadithi upya.

UTANGULIZI

Maswali mengi ya uhakiki wa mhusika huharibiwa na kukariri. Mwanafunzi amemeza sifa sita za mhusika fulani, na swali likigeuzwa kidogo tu, sifa zile hazimsaidii. Kwa sababu hiyo, katika somo hili tunatumia kazi ambayo huenda hujaisoma darasani wala hujaikariri popote. Mbinu utakazojifunza hapa utazihamishia kwenye riwaya na tamthilia ulizosoma.

Kazi yenyewe ni mfululizo wa vitabu vya vijana uitwao Animorphs, wa mwandishi wa Marekani K. A. Applegate, aliyeuandaa pamoja na mumewe, Michael Grant. Baadhi ya vitabu vya baadaye viliandikwa na waandishi wengine kwa kufuata mpango wake. Mfululizo mkuu una vitabu 54, vilivyochapishwa na kampuni ya Scholastic kati ya mwaka 1996 na 2001.

MUHTASARI

Vijana watano, Jake, Marco, Rachel, Cassie na Tobias, wanarudi nyumbani usiku kutoka kwenye maduka. Wanakatisha katika eneo la ujenzi lililotelekezwa, na hapo chombo cha anga kinatua. Ndani yake yumo Elfangor, kiumbe wa jamii ya Andalite, ambaye yuko mahututi. Anawaambia kwamba dunia imevamiwa kimyakimya na Yeerk. Hawa ni viumbe wanaofanana na koa, wanaoingia kichwani mwa binadamu kupitia sikio na kuutawala ubongo wake. Mtu aliyetekwa hivyo huendelea kwenda kazini, kucheka na kula na familia yake, lakini anayesema na kutenda si yeye tena.

Kabla ya kuuawa na kamanda wa adui, Visser Three, Elfangor anawapa vijana hao uwezo wa kujigeuza mnyama yeyote waliyemgusa na kuchukua vinasaba vyake. Uwezo huo una sharti moja: anayezidisha saa mbili katika umbo la mnyama hubaki mnyama. Baadaye kundi linaongezeka mtu wa sita, Ax, ambaye ni mdogo wake Elfangor. Jake ndiye anayekuwa kiongozi wao. Hakuomba, na hakuna aliyempigia kura.

JINSI JAKE ANAVYOJENGWA

Anapohakiki mhusika, mwanafunzi makini hujiuliza kwanza: nimemjuaje mtu huyu? Jake tunamjua kwa njia tatu.

1. Maneno yake mwenyewe. Karibu kila kitabu husimuliwa na mmoja wa vijana hao kwa nafsi ya kwanza, kwa kupokezana. Kitabu cha kwanza anasimulia Jake, kisha anarudi katika cha 6, cha 11, cha 16 na kuendelea. Katika sehemu zake tunasikia hofu ambazo wenzake hawazisikii. Ni kijana wa kawaida, na hata timu ya mpira wa kikapu ya shule alishindwa kuingia.

2. Maneno ya wengine. Wanaposimulia wenzake, tunamwona Jake wa nje: mtulivu, mwenye maamuzi, anayegeukiwa na kila mtu hatari inapotokea. Tofauti kati ya Jake wa ndani na Jake wa nje ndiyo inayomfanya awe mhusika duara.

3. Mazungumzo. Ax, kwa desturi ya kwao, humwita Jake mwana wa mfalme. Jake humkataza kila mara, na Ax huitikia kwa utii huku akimwita jina lilelile. Ni kichekesho kinachojirudia, lakini kina kazi: kinamkumbusha msomaji kwamba cheo ambacho Jake anakikataa kimeshamganda.

HATUA NNE ZA UONGOZI WAKE

Zingatia: mhusika habadiliki kwa sababu mwandishi ametuambia amebadilika. Hubadilika kupitia maamuzi anayoyafanya na gharama anayoilipa. Kwa hiyo usitafute sifa za Jake, fuatilia maamuzi yake.

Hatua ya kwanza: anapigania mtu mmoja. Katika kitabu cha kwanza Jake anagundua kwamba kaka yake Tom, aliyekuwa nyota wa mpira wa kikapu, ametekwa na Yeerk. Hapo ndipo anapokubali vita. Hajafikiria kuokoa dunia, anamtaka kaka yake. Kundi linavamia dimbwi la Yeerk lililoko chini ya ardhi, Tom haokolewi, na Tobias anapitisha saa mbili akiwa mwewe. Kitendo cha kwanza kikubwa cha kundi kinamwachia mwenzao mwili wa ndege.

Hatua ya pili: anamjua adui kutoka ndani. Katika kitabu cha 6 Jake mwenyewe anatekwa. Wenzake wanamfungia katika kibanda msituni kwa siku tatu, kwa kuwa Yeerk asiporudi dimbwini ndani ya muda huo hufa. Ax anavaa umbo la Jake ili wazazi wasishtuke. Katika siku hizo Jake anaonja kile ambacho Tom anakiishi kila siku. Kuanzia hapo hasira yake dhidi ya Yeerk ina ushahidi wa mwili wake.

Hatua ya tatu: anajifunza kuwatumia watu. Kiongozi lazima ajue nani anafaa kwa kazi gani. Jake anajua kwamba Rachel, binamu yake, haogopi kazi ya damu, na anamwita kila kazi hiyo inapotokea. Katika vitabu vya 20 hadi 22, kijana aitwaye David anayeingizwa kundini anawasaliti, na kundi linamnasa abaki panya maisha yake yote. Katika kitabu cha 31, Yeerk aliye ndani ya Tom yuko tayari kumdhuru baba yao, naye Jake anajikuta katikati ya familia na vita. Swali lake limeanza kubadilika. Zamani alijiuliza, “Nitamwokoaje Tom?” Sasa anajiuliza, “Nani nitamudu kumpoteza?”

Hatua ya nne: anatoa amri zisizorudishika. Wazazi wake wanatekwa mfululizo unapokaribia mwisho, naye anavunjika moyo kiasi cha kuwaacha wenzake bila mwelekeo. Anaporudi, amekuwa mtu mwingine. Katika vita vya mwisho, kwenye vitabu vya 53 na 54, anafanya mambo matatu mazito. Anawatumia vijana wenye ulemavu walioingizwa kundini karibuni kuwazuga maadui, nao wanauawa. Anamtuma Rachel ajifiche ndani ya chombo cha Tom kwa amri ya kumuua, na Rachel anaitekeleza kisha naye anauawa. Tena anaamuru Yeerk zaidi ya 17,000 waliokuwa dimbwini ndani ya chombo cha anga wamwagwe nje wafe, ilhali Yeerk asiye na mwili wa kumtawala hawezi hata kujitetea.

Sasa linganisha hatua ya kwanza na ya nne. Kijana aliyeingia vitani ili kumwokoa kaka yake anaimaliza vita kwa kuamuru kaka yake auawe. Ukiliona hilo, umeshika kiini cha mfululizo mzima.

WAHUSIKA WANAOMULIKA TABIA YA JAKE

Marco ni rafiki yake mkubwa. Mwanzoni ndiye anayekataa vita waziwazi kwa kuwa baba yake hana mwingine, lakini akili yake hutazama lengo bila kuyumbishwa na huruma. Cassie huuliza daima kama jambo ni halali hata kama lina faida. Rachel huuliza tu linaanza saa ngapi. Jake anakaa katikati ya sauti hizo tatu na lazima achague moja. Kadiri vita inavyoendelea ndivyo anavyosikiliza zaidi sauti ya Marco na kutumia zaidi mikono ya Rachel, huku sauti ya Cassie ikizidi kuwa mbali.

MIGOGORO

Mgogoro wa mtu na jamii upo: kundi dogo dhidi ya wavamizi waliojificha ndani ya walimu, majirani na ndugu. Mgogoro wa mtu na mtu upo kati ya Jake na Tom, ambao hula meza moja. Lakini mgogoro unaobeba kazi ni wa nafsi: Jake anaogopa kuongoza, na baadaye anaogopa zaidi kwamba ameshazoea. Baada ya vita, kamanda wa Yeerk anashtakiwa The Hague, na Jake anapotoa ushahidi, upande wa utetezi unamgeuzia swali la wale aliowaua dimbwini. Hana jibu linalomridhisha hata yeye mwenyewe. Watu wanamwita shujaa, yeye amezama katika huzuni.

KUJIBU SWALI LA INSHA

Swali: “Jake ni shujaa.” Jadili kauli hii kwa kurejelea matukio katika mfululizo.

Aya dhaifu: “Jake ni shujaa kwa sababu ni jasiri. Alijigeuza simbamarara akapigana na Yeerk. Pia aliwaongoza wenzake. Pia alishinda vita. Kwa hiyo Jake ni shujaa.”

Aya hii ina matukio ya kweli, lakini haijajadili chochote. Neno “pia” limebeba kazi ambayo hoja ilipaswa kuibeba.

Aya bora: “Ushujaa wa Jake unaonekana zaidi katika kubeba lawama kuliko katika kupigana. Anapomtuma Rachel kumuua Tom, anajua kwamba huenda akawapoteza wote wawili, na hamsukumii mtu mwingine uamuzi huo. Hata hivyo, kubeba lawama hakulifanyi kila tendo kuwa halali. Yeerk waliokuwa dimbwini hawakuwa na uwezo wa kupigana, na mwandishi alishatuonesha mapema kwamba wapo Yeerk waliotaka amani. Hivyo Jake ni shujaa aliyeshinda vita na akatenda jambo ambalo ushindi peke yake hauwezi kulihalalisha.”

Aya hii ina mambo manne: hoja, ushahidi, upande wa pili, na hitimisho dogo. Si lazima ukubaliane nayo. Unaweza kutetea kwamba Jake hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa binadamu wote walikuwa hatarini na kila dakika ilihesabika. Insha hiyo nayo itapata alama nzuri endapo utautaja upande wa pili na kuujibu. Kinachokosesha alama ni kujifanya kwamba upande wa pili haupo.

MITEGO YA KUEPUKA

1. Kusema Jake “hataki uongozi” kana kwamba ni sifa isiyobadilika. Mwanzoni hautaki kwa sababu anajiona hafai. Mwishoni hautaki kwa sababu anajua amefaa kupita kiasi. Maneno ni yaleyale, maana imegeuka.

2. Kumhukumu akiwa ametengwa na umri wake. Ni mwanafunzi anayetakiwa kufanya kazi za nyumbani, kuwadanganya wazazi na kupanga mashambulizi katika wiki moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

3. Kumtetea kwa umri peke yake. Waliokufa kwa amri zake wengi walikuwa vijana kama yeye.

4. Kudhani kwamba mwisho ulioachwa wazi ni upungufu. Tunamwacha Jake akiwa angani pamoja na Marco na Tobias katika safari ya kumtafuta Ax, akitoa amri nyingine ya hatari bila sisi kujua matokeo. Jiulize: je, amerudi kuongoza kwa hiari, au hajui tena kuishi bila vita? Jenga jibu lako kwa ushahidi.

MASWALI YA MAREJEO

1. Eleza kwa mifano jinsi usimulizi wa kupokezana unavyotusaidia kumwelewa Jake. (alama 6)
2. “Marco, Cassie na Rachel ni sauti tatu ndani ya kichwa cha Jake.” Fafanua. (alama 8)
3. Onesha jinsi Tom anavyochochea maamuzi ya Jake mwanzoni na mwishoni mwa mfululizo. (alama 6)
4. Mlinganishe Jake na kiongozi mmoja katika riwaya au tamthilia uliyosoma darasani. Je, yupi alilipa gharama kubwa zaidi, na nani mwingine aliilipa pamoja naye? (alama 20)

Anza na swali la 4. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, orodhesha maamuzi matatu ya kila mhusika, na mbele ya kila uamuzi andika jina la mtu aliyeumia. Ukiwa na orodha hiyo mkononi, insha haitakuponyoka.