Hotuba ya Kumuenzi Mwanafikra Aliyefariki: Mfano wa Mwalimu Nyerere

Swali la hotuba likija na neno "kumuenzi", watahiniwa wengi hukimbilia kuandika wasifu. Wanaanzia Butiama mwaka 1922, wanapita Tabora, Makerere na Edinburgh, wanafika TANU tarehe 7 Julai 1954, Uhuru 1961, Muungano 1964, kisha London tarehe 14 Oktoba 1999. Tarehe zote ni sahihi, lakini hotuba bado haijaanza. Msikilizaji amejua Mwalimu Nyerere alipita wapi. Hajajua alifikiri nini, wala kwa nini tukae kwenye viti kumkumbuka.

Tofautisha maneno haya. Kuomboleza ni kueleza huzuni ya msiba. Kusifu ni kutaja mema ya mtu. Kuenzi ni kuthamini kitu kwa kukitunza na kukitumia. Jina la Mwalimu lipo kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hiyo ni heshima, ila ubao wa uwanja wa ndege haukuelezi mwenye jina alitaka nini. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya jambo la namna nyingine: kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, ili fikra za Umajumui wa Afrika zijadiliwe na watu wabishane kwa hoja. Mfano huu wa pili ndio utakaokufaa katika hotuba yako.

Sasa chagua fikra moja. Usijaribu kubeba Ujamaa, Muungano, Kiswahili na ukombozi wa kusini mwa Afrika katika kurasa mbili. Utataja kila kitu na hutaeleza chochote. Mimi ningechukua Elimu ya Kujitegemea, andiko alilolitoa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, kwa sababu linakuhusu wewe unayesoma kitabu hiki.

Hoja yake ilikuwa hivi. Wakati ule wanafunzi wachache sana waliomaliza shule ya msingi walipata nafasi ya sekondari. Mwalimu akauliza: je, hao wengi waliobaki? Kama darasa la saba ni ngazi tu ya kupandia sekondari, basi anayebaki atarudi kijijini akijiona ameshindwa, hata kama hana kosa lolote. Akataka kila hatua ya elimu iwe kamili yenyewe, shule iwe na shamba au kazi nyingine ya uzalishaji, na mwanafunzi asimdharau mzee wake kwa sababu tu hakusoma. Akataka pia mtihani wa kuandika upunguziwe uzito, kwa kuwa hupima zaidi uwezo wa kukariri.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Wewe ni mtahiniwa, na wiki chache baada ya 14 Oktoba unaingia kwenye chumba cha mtihani. Unamuenzi vipi mtu aliyekuwa na shaka na jambo hilohilo? Hapo ndipo hotuba inapopata uhai. Linganisha aya hizi mbili.

Aya ya kwanza: "Mwalimu alikuwa kiongozi bora, mpole, mwenye hekima na mpenda watu. Hatutamsahau kamwe."

Aya ya pili: "Wanafunzi wenzangu, Mwalimu aliuliza shule inamwachia nini yule asiyechaguliwa kuendelea. Mwezi ujao tutafanya mtihani, na baadhi yetu hatutakwenda kidato cha tano. Je, miaka minne hii imetupa ujuzi gani wa kuishi nao? Kama jibu ni dogo, swali la Mwalimu halijafa."

Aya ya kwanza unaweza kuisoma kwenye msiba wa mtu yeyote. Ya pili ni ya Nyerere peke yake, na haina sifa hata moja.

Kuna walimu watakaokuambia usiguse upungufu wa marehemu. Sikubaliani nao. Sera ya vijiji vya ujamaa ya 1967 ilieleza kwamba watu wajiunge kwa hiari. Mwaka 1973 ikatoka amri kwamba ifikapo 1976 wote wawe wanaishi vijijini, na kuna mahali watu walihamishwa kwa nguvu. Ukiliandika hilo kwa adabu, sentensi mbili tu, unaonyesha umesoma. Tena Mwalimu mwenyewe alikutangulia: mwaka 1977 aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, akataja yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana.

Jihadhari na nukuu. Kwenye simu husambazwa maneno mengi yenye picha ya Mwalimu ambayo hakuna ajuaye aliyasema lini. Kama hujui neno limetoka hotuba gani au andiko gani, usilifunge kwenye alama za nukuu. Andika "Mwalimu alieleza kwamba", kisha toa hoja kwa maneno yako.

Kuhusu lugha, tumia "Hayati" mara ya kwanza, baadaye "Mwalimu" inatosha. Matukio yaandike kwa wakati uliopita, na fikra unazodai bado zina kazi ziandike kwa wakati uliopo: "Mwalimu aliandika mwaka 1967", lakini "hoja hii inatuhusu". Itifaki isizidi mistari mitatu: mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzako, basi.

Zoezi: Umechaguliwa kuzungumza shuleni kwenu Siku ya Nyerere. Andika hotuba ya maneno yasiyopungua 250 kuhusu fikra moja ya Mwalimu tofauti na Elimu ya Kujitegemea. Ukimaliza, futa jina lake kila lilipotokea na umpe mwenzako aisome. Asipomtambua unayemzungumzia, iandike upya.