Programu Moja kwa Mashine Nyingi

Katika zahanati na vituo vya afya vya Bagamoyo, kila mgonjwa aingiapo huandikwa. Mama aletaye mtoto kuchanjwa huandikwa jina, na mtoto naye huandikwa, pamoja na umri wake na chanjo aliyopewa. Mwisho wa mwezi muuguzi huketi akahesabu mistari ya kitabu chake, na hesabu ile huenda wilayani, na kutoka wilayani huenda mkoani, hata ikafika Wizara ya Afya. Utaratibu huu huitwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Msidhani kuwa ni kazi ya makarani tu. Hesabu ikikosewa, huenda chanjo zikaletwa chache kuliko watoto wangojao, na mama aliyetembea tangu alfajiri akarudi na mwanawe vivi hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bagamoyo na Kibaha zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza za Tanzania kujaribu kuzikusanya hesabu hizi kwa kompyuta. Programu iliyoletwa iliitwa DHIS, nayo ilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi kukoma. Ilikuwa programu njema, lakini ilikuwa na sharti zito: ilijengwa juu ya programu nyingine, Microsoft Access, na kwa sababu hiyo haikukubali kompyuta isiyo na Windows. Tena kila kompyuta ilihitaji kuwekewa programu hiyo peke yake. Kosa likisahihishwa, hapana budi kila kompyuta iwekewe upya, moja baada ya moja.

Hapa mwanafunzi mwangalifu atauliza: kwa nini kompyuta moja isiielewe programu ya kompyuta nyingine? Sababu ni kwamba kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Yajua amri za namba tu, na kila jamii ya kompyuta ina amri zake. Zaidi ya hayo, katika kila kompyuta kuna mfumo endeshi, kama Windows au Linux, ambao ni kama msimamizi wa nyumba. Programu ikitaka kufungua faili au kuandika neno kwenye kioo, haina budi kumwomba msimamizi huyo, tena kwa maneno anayoyajua yeye. Basi programu iliyogeuzwa kwa ajili ya msimamizi mmoja huwa bubu mbele ya mwingine.

Fikirini nahodha atokaye Bagamoyo na habari za mfanyabiashara, akipita Unguja, Lamu, Maskati, hata Mumbai. Mfanyabiashara aweza kuandika barua nyingi, kila bandari kwa lugha yake. Lakini akibadili bei ya nazi, itampasa kuzisahihisha barua zote, na akisahau moja, bandari moja itauza kwa bei ya jana. Au aweza kuandika barua moja tu, na kuweka mkalimani katika kila bandari.

Njia hii ya pili ndiyo waliyoifuata waliobuni Java, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995. Fundi huandika programu mara moja. Maandishi yake hugeuzwa kuwa amri za katikati, ambazo si za kompyuta hii wala ile. Kisha kila aina ya kompyuta huwekewa mkalimani wake, azisomaye amri hizo na kuzitekeleza kwa namba za mashine yake. Mkalimani hubadilika, barua ni ile ile.

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, DHIS ilianza kuandikwa upya kwa Java, ikaitwa DHIS2. Ilitumiwa kwanza katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Baadaye haikuwa lazima tena kuiweka katika kila ofisi. Iliwekwa katika kompyuta kuu, na wafanyakazi wakaifikia kwa kivinjari, yaani ile programu ya kusomea kurasa za intaneti, ambayo haikosekani katika kompyuta yoyote. Kenya iliitumia nchi nzima kwa njia hii mwaka 2011, na Tanzania ikaieneza mikoani hata kufikia mwaka 2013.

Simu zikairudisha shida ya zamani. Simu nyingi za pwani yetu ni za Android, na nyingine ni iPhone. Programu za Android huandikwa kwa Java au Kotlin, na za iPhone huandikwa kwa Swift. Tuseme twataka programu ya kumwonyesha muuguzi watoto waliofikia umri wa chanjo ya surua na rubela. Katika Tanzania chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Kikundi kimoja cha mafundi kinaandika kanuni hii kwa Android, kingine kwa iPhone. Kikundi cha kwanza kinahesabu mwezi kuwa siku 30. Cha pili kinafuata kalenda. Kwa cha kwanza miezi 9 ni siku 270, kwa cha pili ni siku 273 hadi 276. Kwa miezi 18 tofauti hukaribia juma zima au hata kulizidi. Mtoto ni yule yule, na siku ya kuzaliwa ni ile ile, lakini simu moja yasema amefikia na nyingine yasema bado. Muuguzi aiamini ipi?

Dawa yake ni kuiandika kanuni mahali pamoja, simu zote ziifuate. Zana za kazi hii zipo kadhaa. React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015. Fundi huandika kwa JavaScript, nayo zana huiagiza simu itumie vitufe vyake yenyewe. Flutter ni ya Google, na toleo lake kamili la kwanza lilitoka Desemba 2018. Maandishi yake ni ya lugha iitwayo Dart. Hii haiombi vitufe vya simu, bali hujichorea kila kitu, hata programu ikawa na sura moja popote. Mafundi hubishana sana juu ya sura hizi. Kwa maoni yangu, muuguzi mwenye foleni ya kina mama mlangoni hajali kitufe kina pembe au ni duara. Ajali hesabu ya miezi.

Hata hivyo si kila kitu huandikwa mara moja. Kamera, alama ya kidole na njia ya kurudi nyuma huwa tofauti katika kila simu, na kila moja huhitaji maandishi yake ya pembeni. Lazima pia programu ijaribiwe kwenye simu zenyewe, pamoja na zile kuukuu zenye nafasi ndogo. DHIS2 nayo ina programu ya Android iliyoandikwa mbali na ile ya kivinjari, kwa kuwa mhudumu awapo kijijini pasipo mtandao, yampasa kuweka hesabu ndani ya simu mpaka mtandao upatikane.

Maneno yasomwayo na watu nayo huwekwa kando, katika faili za lugha mbalimbali. Kanuni ya chanjo haiguswi, na kila nchi husoma kwa lugha yake.

Maswali

1. Kwa nini DHIS ya kwanza haikuweza kutumiwa katika kila kompyuta?
2. Katika mfano wa nahodha, barua ni nini, na mkalimani ni nani?
3. Mtoto amezaliwa tarehe 1 Mei. Kwa kalenda atatimiza miezi 9 lini? Kwa miezi ya siku 30 je?
4. Taja mambo mawili ambayo hayawezi kuandikwa mara moja kwa simu zote.