Jeni Haitendi Kazi Peke Yake

Barabara itokayo Mombo kupanda Lushoto hadi Magamba si ndefu, lakini humtoa msafiri katika nchi ya joto na kumfikisha kwenye baridi na ukungu. Pamoja na hali ya hewa, maradhi nayo hubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha vijiji vitatu vya Mkoa wa Tanga: Mgome kilichoko nchi ya chini, Ubiri kilichoko kati, na Magamba kilichoko juu kuliko vyote. Huko Mgome zaidi ya robo tatu ya watoto na vijana waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Ubiri walikuwa chini ya nusu. Na Magamba chini ya mmoja kati ya watano. Baridi hupunguza mbu, na pia huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu.

Mahali penye malaria nyingi, jeni ipunguzayo ukali wa ugonjwa huo huelekea kuenea, kwa kuwa walio nayo huishi na kuzaa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kuwa jeni ya selimundu ni ya namna hiyo. Jeni hiyo hubadili mnyororo wa beta wa hemoglobini. Mtoto aliyerithi nakala moja hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa kiasi cha asilimia 90. Aliyerithi nakala mbili huugua selimundu.

Kinga nyingine hutokana na thalasemia ya alfa. Kwa kawaida mtu ana jeni nne zitengenezazo mnyororo wa alfa, mbili katika kila kromosomu ya 16. Baadhi ya watu wamekosa moja au mbili. Mara nyingi hawadhuriki, na wao pia hupata nafuu dhidi ya malaria kali.

Je, mtoto aliyerithi hali zote mbili atakuwa na kinga maradufu? Hesabu ya kujumlisha ingejibu ndiyo. Lakini utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kinyume chake. Watoto wenye nakala moja ya selimundu, na ambao pia walikosa jeni mbili za alfa, waliugua malaria karibu sawa na watoto wasio na kinga yoyote kati ya hizo.

Sababu mojawapo inayofikiriwa ni hii. Minyororo ya beta ya kawaida na ile ya selimundu hushindania minyororo ya alfa. Alfa ikipungua, ile ya selimundu hushindwa zaidi. Hivyo hemoglobini ya selimundu hushuka kutoka kiasi cha asilimia 40 hadi karibu 30, na kinga hudhoofika. Lakini kwa mgonjwa wa selimundu upungufu huohuo wa alfa ni nafuu, maana chembe nyekundu za damu huvunjika kwa kiasi kidogo zaidi. Jeni ile ile, katika mwili mwingine, ina thamani nyingine.

Mwingiliano wa namna hii, uitwao epistasi, huathiri mageuko. Mahali penye selimundu nyingi, faida ya thalasemia ya alfa hupungua. Huenda hii ni sababu mojawapo iliyoizuia kuenea kwa watu wote katika jamii yoyote ya Afrika kusini mwa Sahara. Na mahali penye malaria chache, kama Magamba, faida ya kinga zote mbili ni ndogo. Kwa hiyo haifai kuiita jeni njema au mbaya kabla ya kuuliza: pamoja na jeni zipi, na katika mazingira gani?

Zoezi. Jeni za beta zimo katika kromosomu ya 11, kwa hiyo hurithiwa bila kutegemea zile za alfa. Baba na mama wana nakala moja ya selimundu kila mmoja, na kila mmoja amekosa jeni moja ya alfa. Chora jedwali la vyumba 16. Ni vyumba vingapi vya watoto wenye nakala moja ya selimundu na waliokosa jeni mbili za alfa? Ni vingapi vya wagonjwa wa selimundu?

Majibu: 2, 4.