Dawa za Mifugo na Bakteria Sugu

Mazinde ni mahali palipo katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara. Mbele ya milima hiyo iko tambarare kavu, ambako wafugaji huchunga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mifugo hutupatia maziwa, nyama na fedha. Mnyama akiugua, jamaa nzima hupata hasara. Kwa sababu hiyo ni lazima tujue jinsi ya kutumia dawa zake.

Antibiotiki ni nini?

Bakteria ni viumbe hai wadogo sana. Wengine hutufaa, na wengine huleta magonjwa. Dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaane huitwa viuavijasumu, au antibiotiki. Penisilini na tetrasaiklini ni baadhi yake. Hutumiwa kutibu watu na mifugo pia.

Antibiotiki haziui virusi. Mdondo wa kuku huletwa na virusi. Kwa hiyo antibiotiki haziponyi mdondo. Kinga yake ni kuwachanja kuku kabla hawajaugua.

Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba

Tuseme ng'ombe wa mfugaji mmoja wa Mazinde amevimba kiwele, na maziwa yake yana mabonge. Huo ni ugonjwa wa kiwele, ambao aghalabu huletwa na bakteria. Mfugaji hakumwita bwana mifugo. Alinunua dawa dukani, akamchoma ng'ombe sindano kwa kipimo cha kukisia. Siku ya pili uvimbe ulipungua, naye akaacha kumtibu ili dawa iliyobaki imfae ng'ombe mwingine. Baada ya majuma mawili kiwele kilivimba tena. Akafanya vile vile. Mara ya nne dawa haikufaa kitu. Chuchu mbili zikakauka, na watoto wa nyumba ile wakakosa maziwa.

Dawa ilikuwa ile ile. Kundi la bakteria ndilo lililobadilika. Katika kundi kubwa huweza kuwamo bakteria wachache wasiodhurika kwa dawa fulani. Dawa inapotumiwa, wale dhaifu hufa. Wale wachache hubaki na kuzaana, na uzao wao nao haudhuriki. Hao huitwa bakteria sugu.

Jaribio

Vifaa: kopo, punje za mahindi na punje za maharage.

1. Tia koponi mahindi 18 na maharage 2. Mahindi ni bakteria dhaifu. Maharage ni bakteria sugu.
2. Toa dawa kidogo: ondoa mahindi 9. Usiondoe maharage.
3. Sasa bakteria wanazaana: kwa kila punje iliyobaki, ongeza nyingine moja ya aina yake.
4. Hesabu mahindi na maharage, uandike. Rudia hatua ya 2 na ya 3 mpaka utimize mara nne.

Umeona nini? Mahindi yamebaki 18, lakini maharage yameongezeka kutoka 2 hadi 32. Baadhi ya bakteria, wakipata chakula na joto la kutosha, huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi.

Bakteria sugu huwafikiaje watu?

Bakteria sugu hawakai kwa mnyama peke yake. Hutoka katika mavi yake na kuingia katika maji na bustani za mboga. Huingia pia katika maziwa mabichi na nyama isiyoiva, na hushika mikononi mwetu. Mtoto akiambukizwa bakteria hao, huenda dawa ya zahanati isimponye.

Tena, baada ya mnyama kutibiwa, dawa hubaki katika maziwa na nyama yake kwa siku kadhaa. Kuchemsha maziwa huua bakteria, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini huko London mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo kidogo mno, bakteria watakuwa sugu. Mwaka 2017 Tanzania ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo kwa watu na kwa wanyama.

Tufanye nini?

1. Mnyama akiugua, tumwite bwana mifugo atambue ugonjwa kwanza.
2. Tutoe dawa kwa kipimo na kwa siku alizoagiza, bila kupunguza.
3. Tusinywe wala kuuza maziwa ya mnyama anayetibiwa, wala kumchinja, mpaka zimalizike siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.
4. Tuzuie magonjwa kwa chanjo, kwa kuogesha mifugo joshoni, kwa kusafisha zizi, na kwa kunawa mikono na kuosha kiwele kabla ya kukamua.

Maswali

1. Kwa nini antibiotiki haziponyi mdondo wa kuku?
2. Katika jaribio, kungekuwa na maharage mangapi baada ya mara ya tano?
3. Yule mfugaji alikosea mambo gani? Taja matatu.
4. Waulize wazazi wako au jirani mfugaji: hungoja siku ngapi kabla ya kunywa maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa? Leta majibu darasani mjadiliane.