SOMO LA HAKI ZA MKE MWENYE MIMBA NA MZAZI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo: somo hili lawahusu wanaume, khasa ninyi ndugu zetu wa pwani mkaao Samuye, wilaya ya Shinyanga, na wake zenu wakawa mbali na mama zao.

MAS'ALA YA KWANZA: SAUMU. Mwenye mimba au anyonyeshaye, akichelea kudhurika yeye, au yeye pamoja na mtoto, yafaa ale mchana wa Ramadhani, kisha alipe siku zake. Akichelea mtoto peke yake, atalipa, na kwa kila siku atatoa kibaba cha chakula apewe maskini. Akichelea kuangamia, kufunga ni haramu kwake. Mume asimlazimishe.

MAS'ALA YA PILI: NIFASI. Katika madhehebu yetu uchache wake ni mara moja, ada yake siku 40, na wingi wake siku 60. Damu ikikatika kabla ya arobaini, ataoga na kusali. Lakini damu imwagikayo kwa wingi si jambo la kuhesabiwa siku. Apelekwe hospitali saa ile ile. Kadhalika mwenye mimba atokwaye na damu, au aumwaye sana na kichwa, au aonaye kiza, au avimbaye uso, au apatwaye na homa au kifafa.

MAS'ALA YA TATU: UJIRA WA TABIBU. Huenda mtu akasema: "Imamu Nawawi katika Minhaj hakutia dawa wala ujira wa tabibu katika nafaka ya mke." Ni kweli. Lakini huo ni mpaka wa daawa mbele ya kadhi, si mpaka wa wema ulioamrishwa katika Sura ya Nisaa, aya ya 19. Na wanavyuoni wa zama hizi, kama Sheikh Wahba az-Zuhayli, wameona kuwa dawa leo ni haja kama chakula. Je, aliyechukua mimba yako aitafutie nauli peke yake?

Basi mpeleke kliniki mapema; tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lausia mara 8 kabla ya kuzaa. Ameze vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria apewayo huko, na alale ndani ya chandarua. Mpunguzie ndoo za maji na mizigo ya kuni. Akisha kuzaa, arudi kutazamwa. Na akilia na kukosa usingizi siku nyingi, usiseme ni deko, bali umpeleke kwa tabibu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wallahu aalam.