Asbestosi: Hatari kwa Mafundi wa Vyuma

Fundi wa kuchomelea vyuma Muthangari au Kawangware hujihadhari na moto na cheche. Vumbi la asbestosi halionekani kwa urahisi. Kwa kuwa asbestosi haiungui, zamani ilitiwa kwenye glavu na mablanketi ya kukinga joto, kamba za milango ya matanuri, vifuniko vya boila na breki za magari. Boila kuukuu inapobomolewa kuuzwa kama chuma chakavu, asbestosi hiyo hutoka nayo.

Kuikata, kuisaga au kuikung'uta hutoa nyuzi ndogo mno zinazonasa mapafuni. Saratani inaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, kwa hivyo fundi anayejisifu kuwa miaka kumi hajakohoa hajathibitisha lolote. Anayevuta sigara yumo hatarini zaidi. Ovaroli yenye vumbi hufikisha nyuzi hizo kwa watoto nyumbani.

Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiorodhesha asbestosi kama taka hatari, na msafirishaji wake lazima awe na leseni ya NEMA. Ukiishuku, simamisha kazi. Usifagie likiwa kavu wala kulipuliza kwa kompresa. Kitambaa mdomoni hakizuii nyuzi hizo.